Oili inayochuruzika kwenye sproketi ya mbele
Mkuu, kama umeshabadilisha gasketi ya kava ya sproketi na bado oili inadondoka pale kwenye sproketi ya mbele (ile gia ndogo inayovuta cheni ya pikipiki), achana na hiyo kava, kwenye pikipiki nyingi za zamani ile inakinga uchafu tu wala haizuii oili. Safisha kote, kausha, nyunyizia poda halafu endesha kidogo uone inaanzia wapi, maana kuna wakati ni mafuta ya cheni tu yanarushwa.

Ikianzia katikati kwenye shafti inayobeba sproketi ni sili ya giaboksi (ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke), na kama yako ina kile kifimbo cha klachi kinachopita upande huo basi cheki na sili yake. Legeza nati ya sproketi kabla hujatoa cheni, kunjua kwanza washa ya kufuli (kile kibati kilichokunjwa kuizuia nati isilegee), mtu akanyage breki ya nyuma.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama, wanaweka sili mpya wanasahau bushi (kile kibomba kinachovaa kwenye shafti) inayozunguka ndani yake. Pitisha ukucha, ukinasa kwenye mfereji hiyo bushi imekwisha, weka nyingine pamoja na oringi (kipete cha mpira) ya nyuma yake kama ipo, la sivyo itavuja tu tena. Sili iingie mdomo wenye springi ukielekea ndani ya injini, ipake oili, igonge taratibu isiende upande.

Tikisa na shafti pia, ikicheza beringi imekufa na hakuna sili itakayodumu hapo, na cheni iliyokazwa kupita kiasi inachangia sana kuiua.