Muulize Sista: Wodi nzima inapumua 18?

SWALI: Shikamoo sista. Mi nipo mwaka wa pili wa uuguzi na saa hizi niko fildi wodi ya wanaume. Nikipitia chati asubuhi naona karibu kila mgonjwa kaandikiwa anapumua mara 18 kwa dakika, wa nimonia 18, aliyevunjika mguu 18. Nikihesabu mwenyewe kwa huyo wa nimonia napata 26, naambiwa we mgeni utazoea. Na sehemu ya fahamu wanaandika tu "anajitambua" basi. Nifuate lipi? (Mwanafunzi, Tabora)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Fuata saa yako, na usizoee.

Hiyo 18 naijua vizuri. Joto lina kipimajoto, presha ina mashine, oksijeni ina kile cha kubana kidoleni, ila pumzi inataka macho yako dakika nzima na kuna wagonjwa 30 wanakusubiri, ndo maana watu wanaibuni. Shida ni kwamba mara nyingi hiyo ndo namba inayoanza kubadilika mgonjwa akianza kuharibikiwa. Oksijeni ikipungua au damu ikianza kuwa na asidi nyingi mwili unapumua haraka kujiokoa, huku mishipa inabana na moyo unaongeza kasi, kwa hiyo presha inakaa 118/76 nzuri kabisa, hasa kwa kijana, halafu inaporomoka mwishoni mkiwa mshachelewa. Waingereza wana chati yao inaitwa NEWS, inayompa mgonjwa pointi nyingi kadiri vipimo vinavyoharibika, ilitoka 2012 wakaiboresha 2017, pumzi 25 na kuendelea inapewa pointi 3, na pointi 3 kwenye kipengele kimoja tu inatosha kumuita daktari aje kuangalia. Kwa hiyo 26 yako sio ya kuzoea, ni ya kupiga simu.

Namna ya kuhesabu: usimwambie mgonjwa unahesabu pumzi, akijua anaanza kupumua kwa mpangilio. Shika mkono kama unapima mapigo, ukimaliza mapigo usiachie, hamishia macho kifuani, toa blanketi kama limemfunika, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia ni 12 mpaka 20. Angalia na shingo, kama misuli inavuta au pua zinatanuka andika hilo pia maana namba peke yake haisemi.

Sasa fahamu. "Anajitambua" haimsaidii wa zamu ya usiku, atajuaje kama kashuka? Tumia skeli ya Glasgow, ile ya Teasdale na Jennett ya 1974: macho (anavyofumbua) mpaka pointi 4, maneno (anavyojibu) mpaka 5, mwili (anavyosogeza viungo) mpaka 6, jumla 15, na ya chini kabisa ni 3 (ndio, hakuna sifuri, hata maiti angepata 3). Ila usiandike jumla tu, andika macho 3 maneno 4 mwili 5, maana 12 mbili zinaweza kuwa wagonjwa wawili tofauti kabisa. Akishuka pointi 2 usisubiri raundi ya asubuhi.

Kwenye maneno ndo watu wanakosea sana. Unamuuliza mzee wa kijijini leo tarehe ngapi, hajui, unampa 4 kwamba kachanganyikiwa, wakati tarehe hajawahi kuzifuata maisha yake yote. Muulize uko wapi hapa, huyu aliyekuja na wewe ni nani, saa hizi asubuhi au jioni, msimu gani huu. Na kama anaongea Kisukuma tu we unamhoji Kiswahili, hapo umepima lugha hujapima ubongo, muite ndugu yake amuulize na akwambie majibu yana mantiki au la. Hakikisha anasikia pia.

Asipojibu sauti ndo unatumia maumivu, kuminya msuli wa bega au kubonyeza pembeni mwa ukucha kunatosha, makofi ya usoni hapana. Na yule wa bodaboda anayenuka pombe usimuandike "amelewa" ukapita. Pombe na damu kwenye ubongo vinakaa kichwa kimoja bila shida, mpime tena na tena, pima na sukari, angalia mboni za macho kama zipo sawa.

SWALI: Assalam aleikum dada. Mamangu ana miaka 74, ana sukari na presha. Tangu jana mchana hajui yuko wapi, ananiita jina la dadake aliyefariki, usiku akatulia, leo tena. Nimempima presha 132/80, joto 36.8. Ndugu wanasema ni uzee tu. (Binti, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam. Mpeleke hospitali leo, usingoje kesho.

Uzee unasahaulisha pole pole, miezi na miaka, hauji jana mchana. Kuchanganyikiwa ghafla kunakoenda na kurudi hivyo ni ugonjwa wa mwili unaoonekana kichwani, na kwenye ile chati niliyotaja hapo juu kuchanganyikiwa kupya kunapewa pointi 3 kama pumzi ya 25. Joto 36.8 lisikutulize, mtu wa umri huo anaweza kuwa na maambukizi makali ya mkojo au mapafu bila homa yoyote, na kama anatumia atenolol, dawa ya presha inayopunguza kasi ya moyo, hata mapigo hayatapanda.

Kabla hamjatoka pima sukari. Akiwa anameza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, na siku hizi hali vizuri, sukari inaweza kuwa imeshuka na kwa wazee inashuka kwa muda mrefu, ukimpa chai ya sukari anaamka halafu inashuka tena, kwa hiyo hata akipata nafuu nendeni tu. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri mpe juisi au maji ya sukari, kama amesinzia usimtie kitu mdomoni. Mwambie acheke, anyanyue mikono yote miwili, kama upande mmoja unalegea hiyo ni dharura ya kiharusi, na uandike saa iliyoanza. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata piritoni ya mafua aliyonunuliwa dukani, hizo zinawavuruga wazee kichwa sana tu. Na wewe ndo unajua mamako wa wiki iliyopita alikuwaje, daktari hajui, mwambie.

SWALI: Sista, kile cha kubana kidoleni kinanipa 88 na mi najisikia fresh. Kibovu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Futa rangi ya kucha kwanza, hasa nyeusi na bluu, pasha mikono joto, kaa utulie, badili kidole, subiri namba ikae ndo usome. Ikibaki chini ya 94 muone daktari, chini ya 90 ni dharura hata kama unajisikia fresh. Tena utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwa watu weusi hivi vipimo wakati mwingine vinasoma juu kuliko oksijeni iliyopo kwenye damu, kwa hiyo kama vidole vyote vinatoa 88, ya kweli inaweza kuwa chini zaidi.