Umemtoa mtu kwenye kundi kimakosa? Anza na yeye

Dada, umesema ulimtoa mwanachama kwenye kundi lenu la WhatsApp ukidhani ametukana, kumbe alikuwa ananukuu maneno ya mwingine, na sasa kundi limegawanyika. Pole sana. Linarekebishika, ila usianze na tangazo kwa wote. Anza na yeye, faraghani, kabla hujamrudisha. Mwandikie: "Nilikutoa bila kusoma mazungumzo yote. Nimekosea, naomba radhi. Ungependa kurudi?" Basi. Usimwongezee lawama kwamba naye angejieleza vizuri, maana hapo radhi yote imeharibika. Akikataa kurudi, heshimu uamuzi wake.

Kisha waeleze wengine kwa sentensi mbili tatu: kosa lilikuwa nini na umelirekebishaje. Alivunjiwa heshima mbele yao, kwa hiyo radhi ya chemba peke yake haitoshi.

Wanaokupinga usiwafutie ujumbe. Tangu 2022 WhatsApp inamruhusu msimamizi kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na wote huona ni msimamizi gani aliyefuta. Ukifuta malalamiko, watasema unaficha jambo. Mabishano yakipamba moto, weka mpangilio wa wasimamizi pekee kuandika, lakini taja saa utakayofungua, na ufungue kweli.

Tafuta pia msimamizi wa pili, ikiwezekana mmoja wa hao wanaokukosoa kwa staha. Mkubaliane kwamba hatolewi mtu kabla nyote wawili hamjasoma ujumbe uliotangulia.