Mtoto anataka kutengeneza gemu lake la Mario, nimkataze?

Dada wa Wete, usimkataze bwana. Umesema ana miaka 12, anachora Mario kwenye daftari zima la hesabu na nyumbani kuna laptopu kuukuu, basi inatosha hiyo. Mwekee Scratch, programu ya kutengenezea magemu, ya bure, wametoa chuo cha MIT kule Marekani tangu 2007, unapanga vipande vya amri tu huandiki kodi za kompyuta, ina mpaka Kiswahili halafu ukishaidaunlodi inafanya kazi bila bando.

Ila mwambie aanze kidogo, maana hawa watoto siku ya kwanza tu wanataka dunia nzima na maadui mia wakishindwa wanaacha. Mtu mmoja anaruka shimo moja, basi, likikubali ndo aongeze.

Hilo uliloulizia kama kuiga Mario ni wizi, akicheza na wenzake hapo mtaani sioni tabu, lakini kuliachia gemu mtandaoni na jina na picha za Nintendo, kampuni yenye Mario, ndo balaa, wale hawana utani, 2016 waliizima AM2R, yaani gemu lao Metroid 2 ambayo shabiki aliitengeneza upya na alikuwa anaitoa bure! Lakini gemu la Counter-Strike lilianza kwa mashabiki kuchokonoa Half-Life, gemu la kampuni ya Valve, na Valve wenyewe wakawaajiri, kwahiyo inategemea na mwenye mali.

Mie ningemwambia abakishe kuruka tu, Mario amtoe, aweke mchumaji karafuu anaruka tawi kwa tawi na mvua inakuja wakati karafuu bado ziko jamvini. Akikwama aandike hapa tutamuelekeza.