Haibridi ya nini na nini?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji neno "haibridi" lina maana gani kwetu na tunalitumia wapi. Mimi nalisikia tangu nifungue mlango asubuhi hadi nifunge jioni. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kangemi, karibu na Waiyaki Way, mahali mabasi ya Magharibi yanapochukua abiria. Mwezi wa pili ukifika katikati, watu hupitia kwangu mizigo ikiwa begani: "Daktari, nipe haibridi kilo kumi, gari linaondoka." Nami huuliza, haibridi ipi? Wengi hushangaa. Kwao haibridi ni haibridi, yaani ile nzuri.

Shida yangu na neno hili inaanzia hapo. Mjini limegeuka muhuri wa ubora. Kuku akitaga sana ni haibridi, avokado ikiwa na ngozi ngumu ni haibridi, nyanya ikikaa wiki bila kuoza ni haibridi. Lakini neno lenyewe halisemi kitu ni kizuri au kibaya. Linasema kitu hicho kina wazazi wawili wasiofanana. Kwa hiyo mtu akikutajia haibridi, muulize: ya nini na nini?

Ndivyo lilivyoanza. Warumi waliita hybrida mtoto wa nguruwe jike wa kufugwa na dume la mwituni, na wakalitumia pia kwa mtoto wa baba Mrumi na mama mgeni. Kiswahili nacho hakikukosa maneno. Tuna baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike. Ndugu zetu wa Tanzania huandika "mbegu chotara" kwenye vibandiko, na kamusi zina "mahuluti", neno lenye asili ya Kiarabu, yaani kilichochanganywa. Hilo la mwisho nalipenda sana, na natamani lingeshika hapa Nairobi.

Sasa mahindi, maana ndiyo yanayonilisha. Haibridi ya kwanza ya Kenya ilitolewa Kitale mwaka 1964, ikaitwa H611. Ukiniuliza ya nini na nini, nakujibu: mzazi mmoja alikuwa Kitale Synthetic II, mahindi yaliyotengenezwa hukohuko Kitale, na mwingine Ecuador 573, aina iliyoletwa kutoka nyanda za juu za Ecuador, Amerika Kusini. Wazazi hao walikuwa wameishi mbalimbali kwa muda mrefu, na mtoto wao akawapita wote wawili kwa mavuno. Kutengeneza mbegu ya namna hiyo ni kazi ya mikono. Wazazi hupandwa kwa mistari, na kabla ya mistari ya mama kumwaga chavua, watu hupita wakiing'oa mashada yake ya juu mmea kwa mmea, ili chavua itoke kwa baba peke yake. Shada moja likisahaulika, mmea huo hujizalisha wenyewe na kuwachavusha na majirani zake.

Kuna jambo moja tunaouza mbegu huwa hatulisemi. Mwaka juzi, mwezi wa tatu, aliingia mzee mmoja dukani akaweka kitambaa juu ya kaunta, akakifungua polepole. Mlikuwa na mahindi mawili. Moja lilikuwa nene, punje zimejipanga mistari kumi na minne kama zilizopimwa kwa rula. La pili lilikuwa fupi, mistari imepinda, na upande mmoja hauna kitu. "Binti yangu," akasema, "haya yametoka shamba moja, mbegu moja. Uliniuzia feki?" Nikamuuliza mbegu ya msimu huo aliinunua lini. Akasema hakununua. Alichagua mahindi bora zaidi ya mavuno ya mwaka uliotangulia, akayaning'iniza jikoni juu ya moshi, akayapanda. Ndivyo mamake alivyomfundisha.

Na mamake hakukosea. Mahindi yake ya zamani yalikuwa ya ukoo mmoja, ukichagua hindi zuri unavuna zuri. Haibridi hainyooki hivyo. Kizazi cha kwanza hufanana shamba zima, mimea imelingana kama wanafunzi paredi. Ukirudisha punje zake udongoni, sifa za wale wazazi wawili hutawanyika upya: huyu amefuata baba, yule amefuata bibi, mwingine amepata udhaifu wa pande zote. Ule mruko wa mavuno hupungua msimu wa pili. Ndiyo maana haibridi hununuliwa kila mwaka. Mzee yule hakuwa ameambiwa hivyo na mtu yeyote. Mimi ndiye niliyemuuzia, wala sikumwambia.

Tangu siku hiyo nina kalamu nene nyeusi kwenye kaunta. Kila pakiti ya haibridi inayotoka kwangu huandikwa: USIPANDE TENA MAVUNO YAKE. Asiyeweza kununua kila msimu namwonyesha mbegu isiyo haibridi. Katumani kwa mfano, iliyotengenezewa sehemu kavu za Ukambani, si haibridi, na mkulima anaweza kujiwekea mbegu yake mwenyewe misimu kadhaa. Haitakupa magunia ya haibridi kama H614 kule Trans Nzoia, lakini itakomaa kabla mvua haijakata, na haitakudai pesa Machi ijayo.

Na ile rangi ya waridi au kijani mnayoiona kwenye punje si haibridi. Ni rangi inayochanganywa na dawa ya kuzuia wadudu na kuvu. Walaghai wanajua watu huiamini rangi hiyo, wanapaka rangi mahindi ya kawaida ya gunia na kuyafunga vizuri. Kwangua kile kibandiko kwenye pakiti, utume namba kwa simu, usubiri jibu kabla ya kulipa.

Wengine huchanganya haibridi na mazao yaliyobadilishwa jeni, yale serikali iliyapiga marufuku mwaka 2012, kisha Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022 na kesi zikafika mahakamani. Hayo ni mambo mawili. Haibridi ni chavua ya mmea mmoja kwenye ua la mwingine, lakini kubadilisha jeni hufanyika maabara. Uwe unayaunga mkono au unayapinga, yajue kwanza.

Na avokado? Kupandikizwa hakuifanyi Hass, ile ya ngozi ngumu, kuwa haibridi. Shina la chini ni la mti mwingine, kweli, lakini damu zao hazikuchanganyika. Matawi yote ya Hass duniani yametokana na mti mmoja wa California, uliokufa mwaka 2002.

Upande wa magari, swali langu linafanya kazi vilevile. Ya nini na nini? Petroli na umeme. Jirani yangu anaendesha teksi ya Toyota Aqua, gari la haibridi, na anasema abiria bado humuuliza huwa anaichomeka wapi usiku. Haichomekwi. Injini na breki ndizo zinazoijaza betri, na kwenye msongamano wa Waiyaki Way injini hunyamaza kabisa, gari likasogea kimya. Teknolojia hiyo si ngeni, kwani Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997. Ila wanunuzi wetu wa magari yaliyotumika hufungua boneti, wakasikiliza injini, wakalipa. Mzazi wa pili, yaani betri, hawamkagui, na ndiye aliye ghali kumtibu. Mikutano ya haibridi, nusu ukumbini na nusu kwenye simu, tuliizoea tangu 2020, na maana yake iko wazi.

Pamebaki mahali pamoja ambapo silitaki neno hili. Nairobi tumeoana makabila yote, na watu wana mazoea ya kumwita mtoto wa ndoa hizo haibridi, kwa upendo kabisa. Mimi ninayeiuza nasema hapana. Haibridi hupangwa na mtu kwa faida yake, huuzwa, na huhesabiwa kuwa imeharibika ikizaa. Juni iliyopita mama mmoja alikuja kununua chakula cha vifaranga akiwa na bintiye wa miaka sita hivi. Mteja mwingine akamshika kichwa mtoto akasema, "Huyu mrembo ni haibridi, baba Mjaluo, mama Mkikuyu." Mtoto akaziangalia pakiti kwenye rafu, kisha akaniuliza mimi, "Auntie, haibridi ni nini?"

Nikamwambia ni aina ya mahindi, na nikamuuliza anaitwa nani. Akanitajia majina yote matatu: la ubatizo, la nyanya yake mzaa mama, na la babake.