Wanafunzi wanachungulia prosesi za wenzao kwenye seva, nifanyeje?

SWALI: Mkuu habari. Nasimamia seva ya Debian hapa chuoni, wanafunzi wanaingia kwa SSH (kuingia kwenye mashine kwa mbali) wanarun kazi zao. Shida ni kwamba mtu akipiga ps aux (komandi ya kuorodhesha prosesi, yaani programu zinazorun) anaona za wote, mpaka komandi nzima, na juzi kuna mmoja kaokota paswedi ya database ya mwenzake humohumo. Nimeondoa ruhusa kwenye ps lakini bado wanaona kwa top. Msaada tafadhali.

JIBU: Salama mkuu. Hiyo ya kuifungia ps achana nayo, maana ps, top na htop zote zinasoma tu /proc, folda ambayo kerneli (kiini cha Linux) inaweka humo taarifa za kila prosesi, na inaiacha wazi kwa kila mtu, kwahiyo hata ukizifuta zote mtu anapiga cat /proc/1234/cmdline anapata kilekile. Cha kufunga ni /proc yenyewe.

Tangu Linux 3.3 ya mwaka 2012 kuna opsheni inaitwa hidepid. Ijaribu kwanza hivihivi bila kuriboot:

mount -o remount,hidepid=2 /proc

Hapo yuza wa kawaida anabaki na prosesi zake tu, root (yuza mkuu wa mashine) anaendelea kuona zote. Ukiweka 1, namba za prosesi bado zinaonekana ila ndani hachungulii mtu, mi huwa naenda na 2 moja kwa moja.

Sasa panapowasumbua wengi ni systemd, inayoendesha huduma za mashine. logind (inayosimamia sesheni za walioingia) na polkit (inayoamua nani anaruhusiwa kufanya nini) zina kawaida ya kukagua prosesi za watu, ukizifungia unaweza kuanza kuona mauzauza kwenye sesheni halafu ukahangaika na SSH bure. Ndo maana kuna gid, yaani grupu ambalo linaruhusiwa kuona zote. Tengeneza lako (groupadd -g 2000 proc, angalia tu hiyo namba haijachukuliwa), muingize yuza wa polkitd na wa monitoring yako kama unayo, kwa logind piga systemctl edit systemd-logind uweke SupplementaryGroups=proc chini ya [Service]. Ndo uandike kwenye /etc/fstab, faili la mipangilio ya mount, ili ibaki hata ukiriboot:

proc /proc proc defaults,hidepid=2,gid=2000 0 0

Kabla ya kuriboot hakikisha una njia ya kuifikia mashine nje ya SSH, usije ukajifungia nje usiku.

Ila hiyo paswedi isikae kwenye komandi hata kidogo, hidepid au hakuna hidepid. Kama ni MySQL waambie waiweke kwenye faili la ~/.my.cnf wapige chmod 600 ili mwenyewe tu alisome, basi. Hidepid pia haifichi kwamba prosesi ipo, mjanja akipiga kill -0 kwa namba fulani anajua kama ipo au haipo, japo hajui ni ya nani wala inafanya nini, na kwa seva ya chuo mi hiyo hainisumbui.

Kinachonisumbua ni kitu kingine: kuna mwanafunzi yeyote yupo kwenye grupu la docker (programu ya kuendesha konteina)? Kama yupo mtoe kwanza, huyo ni sawa na root, anamount diski nzima kwenye konteina na anasoma anachotaka.