Mvua ya nyuklia ao vumbi la nyuklia?

Ndugu mmoja wa Himbi, hapa Goma, anauliza: "Mwalimu, minatafsiri habari ya Kifaransa juu ya majaribio ya bomu za nyuklia. Retombées, ile takataka yenye mionzi inayorudi chini kisha mlipuko, niite mvua ya nyuklia ao vumbi ya nyuklia? Banasemaka zote mbili."

Ndugu, neno mvua halina kosa, tuna mvua ya mawe, mvua ya risasi, kitu chochote kikianguka kwa wingi toka juu tunakiita mvua na hakuna wa kutusumbua. Ila hapa itakuchanganyia msomaji, juu mu habari hii mvula ya kweli nayo iko ndani na ina kazi yake.

Angalia: Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu ya nyuklia iitwayo Bravo kule Bikini, visiwa vya Pasifiki, nguvu ya megatoni 15 (sawa na tani milioni 15 za baruti ya TNT), zaidi ya mara mbili ya ile waliyongojea, matumbawe yakasagika yakapanda na wingu, upepo ukayasukuma mashariki hadi Rongelap, kisiwa chenye watu, watoto wakachezea ule unga mweupe, na wavuvi 23 wa Japani waliofunikwa nao wakauita majivu ya kifo. Majivu, siyo mvua! Ni upepo njo uliyaleta. Lakini Aprili 1953 wingu la bomu ya Nevada lilisafiri juu sana zaidi ya kilometa 3,000, likakuta mvua ya radi jimbo la New York, ikashusha vumbi lake mjini Troy. Hapo ndiyo, andika "mvua yenye mionzi", utakuwa sawa kabisa.

Kwa hiyo jina la jumla liwe vumbi la nyuklia (ku Goma tunasema "vumbi ya", mu maandishi weka "la"). Vumbi linatua, mvua inanyesha, mvua inashusha vumbi. Sisi wa hapa tunajua hii bila kufundishwa: majivu ya volkano Nyamulagira upepo ukiyapeleka upande wa Sake, Goma tunaanika nguo kama kawaida, yakikutana na mvula yanapita ku mabati yanaingia mu mapipa ya maji, na hakuna mtu anasema volkano imenyesha.

Tena usiandike "mionzi ilianguka", nimeiona hata mu magazeti na inanikera. Mionzi haianguki, inatoka ndani ya vumbi lililokwisha anguka.