Maswali ya ulingoni: tunalipia nini mlangoni?

Bondia Mandonga alipigwa na bado akajaza kumbi. Mabingwa wetu wanakosa watu. Kwa nini? (Msomaji, Morogoro)

Shabiki hulipia mtu kwanza, ngumi baadaye. Karim Mandonga alichapwa na Shaban Kaoneka mwaka 2022, jina likazidi kukua. Januari 2023 akaenda Nairobi na ngumi aliyoipa jina la Sugunyo, akampiga Daniel Wanyonyi. Nusu ya watu walitaka ashinde, nusu walitaka anyamazishwe, na kiingilio wote walilipa. Mabingwa wengi husaini mkataba wakakaa kimya hadi siku ya kupima uzito. Nani atatoka nyumbani kwa ajili ya mtu asiyemjua? Ila tambo bila mazoezi hazidumu, mashabiki huchoka.

Pambano linaonyeshwa kwenye runinga. Niende ukumbini kufanya nini?

Kuwa upande wa mtu. Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni Kinshasa saa kumi alfajiri, muda uliopangwa ili kuwafaa watazamaji wa Marekani. Watu wapatao 60,000 walikesha uwanjani wakiimba “Ali bomaye”, yaani Ali, muue. Foreman alikuwa bingwa na ndiye aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda, lakini Ali alikuwa amejichanganya nao mitaani kwa wiki kadhaa. Wakamchagua. Sauti ile huipati sebuleni.

Ngumi zinaanza saa ngapi hasa?

Swali hili limeulizwa mno. Saa iliyo kwenye tangazo ni ya mapambano ya utangulizi, na ndiyo saa ya kufika. Inaniuma kuona vijana wanapigana raundi nne mbele ya viti vitupu, halafu watu wanamiminika saa tano usiku kupiga picha na bondia mkubwa. Bondia wetu Hassan Mwakinyo alipomsimamisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, Septemba 2018, wengi nyumbani waliuliza katoka wapi. Katoka kwenye mapambano yale yale mnayoyachelewa.

Mke wangu anataka twende wote. Inafaa?

Inafaa. Kateni tiketi za viti. Mkenya Fatuma Zarika alitwaa mkanda wa dunia wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) mwaka 2016 na mwaka uliofuata akautetea Nairobi, kwa hiyo tuache kuuliza kama ngumi ni za wanawake.

Si kweli kwamba watu wanafuata damu tu?

Wapo, na hao ndio wanaomzomea mwamuzi akisimamisha pambano. Nawaomba wamkumbuke bondia Mmarekani Gerald McClellan. London, Februari 1995, alimwangusha Nigel Benn nje ya kamba raundi ya kwanza, ukumbi ukawaka. Raundi ya kumi alipiga goti mwenyewe, akahesabiwa hadi kumi. Damu ilikuwa imeganda kwenye ubongo, na akapoteza uwezo wa kuona. Bondia anayepepesa macho na kurudi nyuma hovyo haigizi. Mwamuzi akimkumbatia, wapigieni makofi wote wawili. Na kabla hujalipa, angalia kama kuna gari la wagonjwa nje na daktari karibu na ulingo. Kama hakuna, rudi na hela yako na uwaambie wenzako kwenye foleni.

Mpinzani amebadilishwa siku ya mwisho. Nidai fedha?

Dai. Ulinunua pambano la watu wawili wenye majina, na promota anajua hivyo. Tunza tiketi, usiichane mlangoni kwa hasira.